Injini inatetemeka kwenye sailensi: sikiliza kwanza, kisha anza na plagi

Gari limesimama, injini inatetemeka, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda na kushuka. Wengi hukimbilia kupandisha sailensi, yaani kasi ya injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta. Mtetemo utapungua, lakini ugonjwa upo palepale na petroli italiwa zaidi. Injini nyingi za petroli zikishapata moto hutulia kati ya RPM 650 na 850. Yako ikishindwa, kuna silinda isiyochoma vizuri au hewa inayopenya isikotakiwa.

Kabla ya kushika spana, kanyaga mafuta hadi RPM 2,000 hivi. Ikitulia kabisa, shuku hewa inayovuja: kwenye sailensi injini huvuta hewa kidogo, kwa hiyo hata tundu dogo linaivuruga. Ikiendelea kumisi (silinda kukosa kuwaka), tena ikazidi ukipanda mlima, shuku plagi, inayotoa cheche ya kuwasha petroli, au koili, inayoipa plagi umeme. Mshale ukitulia tuli huku usukani ukitetemeka, kagua injini maunti, ile mipira inayobeba injini.

Plagi zitolewe injini ikiwa imepoa, maana hedi (kichwa cha injini) ya alumini ikiwa ya moto nyuzi zake huchanika kirahisi. Puliza mashimo kwanza. Mchanga ukidondokea ndani utakwaruza silinda. Zipange plagi kwa mfuatano wa silinda uzisome. Kahawia hafifu au kijivu ni salama. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi au cheche dhaifu, na ea kilina (chujio la hewa) iliyoziba nayo ichunguzwe. Ncha iliyolowa oili inaelekeza kwenye ring za pistoni au sili za valvu, na hapo plagi mpya haiponyi kitu. Oili ikiwa nje tu, ndani ya shimo la plagi, badilisha gasketi ya kifuniko cha valvu.

Pengo la cheche kwenye ncha ya plagi hupimwa kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Magari mengi hutaka kati ya milimita 0.7 na 1.1, lakini fuata kitabu cha gari lako. Pengo likiwa kubwa mno, koili inashindwa kurusha cheche; likiwa dogo mno, cheche ni fupi na mchanganyiko hauwaki sawasawa. Plagi za iridiamu usizibane wala kuzipanua kwa nguvu, ncha yake nyembamba huvunjika.

Kurudisha ndiko kunakoharibu hedi nyingi. Anza kwa vidole, na plagi ikikataa, irudishe nyuma uanze upya. Usiilazimishe kwa spana hata kidogo. Plagi mpya yenye washa (pete ya chuma ya kuzibia) ikishakaa kwa mkono, kaza nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko. Isiyo na washa, yenye kitako cha mteremko, inataka takriban sehemu moja ya kumi na sita tu.

Plagi ni mpya na bado inamisi? Mashine ya kusoma kodi (namba za hitilafu za kompyuta ya gari) ikionyesha P0302, silinda ya 2 ndiyo yenye shida. Badilishana koili ya 2 na ya 3. Kodi ikigeuka P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, angalia nozeli, inayopulizia petroli, au kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda.

Hewa inayovuja itafute kwenye mipira midogo na gasketi ya manifoldi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini), injini ikiunguruma. Nyunyizia maji kidogo mahali unapotilia shaka, mbali na nyaya za umeme. Mlio ukibadilika, umepata. Dawa zinazoshika moto usipulize kwenye injini ya moto.

Throto, mlango wa hewa ya injini, safisha kwa dawa yake na kitambaa laini, hasa ukingo wa kile kisahani ambako kaboni hujenga pete. Ikiwa ya umeme, usisukume kisahani swichi ikiwa imewashwa: inaweza kukubana kidole, na gia zake ni dhaifu. Baada ya hapo sailensi inaweza kuwa juu hadi kompyuta ijifunze upya.

Hayo yote yakishindikana, pima kompresheni huku umeme wa koili na nozeli ukiwa umekatwa na mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi mwisho. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 15, tia kijiko cha oili kwenye iliyo dhaifu, upime tena. Ikipanda, ring zimelika. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi.