Maswali ya Wasomaji: Hewa Iliyofungwa Katika Barafu ya Antaktika

SWALI: Mhariri, nimesoma mara kadhaa kwamba wanasayansi wamepima hewa ya miaka 800,000 iliyopita kwa kutumia barafu ya Antaktika. Hakuna aliyekuwapo wakati huo akapima. Je, hayo si makisio tu? Na kwa nini waende mbali hivyo ilhali Kilimanjaro kuna barafu? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Ndugu msomaji, hewa hiyo haikukisiwa, bali ilitolewa ndani ya barafu yenyewe ikapimwa maabara. Katika uwanda wa juu wa Antaktika theluji haiyeyuki hata wakati wa kiangazi. Hufunikwa na theluji ya mwaka unaofuata, na uzito wa tabaka za juu huigandamiza ile ya chini hadi, kwenye kina cha mita 100 hivi, nafasi zilizokuwa baina ya chembe zake hujifunga na kuwa viputo ambavyo hewa yake haina tena pa kutokea.

Rekodi unayoitaja ilitoka Dome C, karibu kilomita 1,000 kutoka pwani, ambako theluji ya mwaka mzima ikiyeyushwa haifikii sentimita 3 za maji. Uhaba huo ndio uliowavuta watafiti, kwa kuwa tabaka zikiwa nyembamba mita moja ya barafu hubeba miaka mingi. Mradi wa EPICA, wa nchi 10 za Ulaya, ulianza kuchimba hapo mwaka 1996, na kufikia mwisho wa 2004 ulikuwa umepita mita 3,200. Keekee yao, iliyo wazi katikati, ilitoa barafu katika vipande vya umbo la mche duara. Kipande kikisagwa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, gesi za viputo hutoka na kupimwa. Katika miaka hiyo 800,000 yote kaboni dioksidi haikuzidi sehemu 300 hivi katika kila milioni ya hewa. Leo imepita 420.

Shaka yako ni ya haki, na watafiti wenyewe walikuwa nayo. Ndiyo maana waliichunguza barafu ya Law Dome, karibu na pwani ya Antaktika ya mashariki, ambako theluji ni nyingi kiasi kwamba viputo vyake vina hata hewa ya miaka ya 1970. Vipimo vyake vilikubaliana na vile vilivyochukuliwa moja kwa moja hewani kwenye Ncha ya Kusini tangu 1957. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kuliko maelezo yoyote. Palipo na ugumu wa kweli ni katika umri: kwa kuwa hewa huendelea kupenya kwenye theluji kabla viputo havijafunga, hewa ya Dome C ni changa kuliko barafu inayoizunguka kwa miaka elfu kadhaa, na tofauti hiyo hulazimika kukokotolewa.

Kilimanjaro haikusahauliwa. Mwaka 2000 kikosi cha Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State kilichimba barafu yake katika sehemu 6, na hata pale ilipokuwa nene zaidi walifika kwenye mwamba baada ya mita 50 hivi. Walikadiria kwamba barafu ya chini kabisa ina miaka 11,700. Barafu ya mlima wetu, inayozidi kupungua, inasimulia ukame na mvua za Afrika Mashariki, jambo ambalo Antaktika haiwezi kutueleza. Lakini kwa hewa ya miaka laki nane, haina kina cha kutosha.