Nyumba Nala, kazi Mtumba: je, ninunue gari la pili?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mtumishi wa umma niliyehamia Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 2019. Kwa kuwa viwanja vya Ilazo na Kisasa vilinishinda bei, nilinunua kiwanja upande wa Nala, kilomita tano ndani kutoka barabara ya Singida, nikajenga na kuhamia. Dalali aliniambia kwamba lami iko njiani inakuja. Hadi leo sijaiona. Ofisi yangu iko Mji wa Serikali Mtumba, upande wa pili kabisa wa jiji, mke wangu ni muuguzi mjini kati, na watoto wetu wawili wanasoma mjini. Tunatoka saa kumi na moja alfajiri katika gari moja, na mara nyingi tunarudi saa mbili usiku. Njiani kuna malori, bajaji zinazochomoka bila ishara, tochi za trafiki, na siku nyingine tunasimamishwa kupisha misafara ya viongozi. Nimekuwa mtu wa hasira kiasi kwamba watoto wanaogopa kunisemesha jioni. Mke wangu anashauri tukope tununue gari la pili. Je, ni busara, au tuuze nyumba?
*Msomaji, Nala, Dodoma*

JIBU: Ndugu yetu wa Nala, pole kwa safari. Gari la pili usinunue, na nyumba usiuze. Bei ya kiwanja ni sehemu moja tu ya gharama ya makazi. Sehemu ya pili hulipwa kidogo kidogo kwenye kituo cha mafuta, na hiyo ndiyo ambayo dalali hakukutajia.

Tuchukue kwamba safari yako ni kilomita 35 kwenda na 35 kurudi. Kwa siku 22 za kazi, gari hutembea kilomita 1,540 kwa mwezi. Gari linalotumia lita moja kwa kilomita kumi litahitaji lita 154, na tukikadiria lita moja kwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi (bei kikomo halisi hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi), utakuwa umechoma shilingi 462,000. Hapo hatujagusa matairi wala bushi, ambazo mashimo ya zile kilomita tano za vumbi huzimaliza kabla ya wakati wake. Gari la pili litaongeza hesabu hiyo, litaleta na rejesho la mkopo, kisha magari yote mawili yatasimama nyuma ya lori lilelile.

Malori hayo yana sababu ya kuwepo. Dodoma ni mahali ambapo barabara inayotoka Dar es Salaam kwenda Singida, Mwanza, Rwanda na Burundi hukutana na ile inayotoka Iringa kwenda Babati na Arusha, na kwa miaka mingi mizigo yote hiyo imepita katikati ya mji. Wakati huohuo wakazi wa jiji wameongezeka kutoka 410,956 katika sensa ya mwaka 2012 hadi 765,179 katika sensa ya mwaka 2022, na wengi wao, kama wewe, wamejenga pembezoni huku kazi, shule na hospitali wakizifuata kwingine.

Huenda unaitegemea barabara ya mzunguko wa nje, yenye urefu wa kilomita 112.3, ambayo kwa bahati inapita Nala na Mtumba pia. Tunakushauri uitazame kwa makini kwenye ramani kabla ya kuifurahia. Kipande cha Nala, Veyula, Mtumba hadi Bandari Kavu ya Ihumwa pekee ni kilomita 52.3, yaani kwako wewe ni njia ndefu kuliko kukatiza mjini, na haikupeleki hospitalini kwa mke wako wala shuleni kwa watoto. Faida utakayoipata ni kwamba malori ndiyo yatakayoitumia, nawe utapumua katika njia yako ya zamani.

Ushauri wetu ni huu. Ipangisheni nyumba ya Nala, nanyi mpange Nzuguni au Ihumwa kwa mwaka mmoja. Maeneo hayo yako kati ya mjini na Mtumba, juu ya barabara moja, hivyo wewe utaelekea upande mmoja na mke wako na watoto upande mwingine kwa daladala, kila mmoja akiwa na safari fupi. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, kwa hiyo jipangeni mapema. Kodi ikilingana na zile shilingi 462,000, au hata ikizidi kidogo, bado mtakuwa mmefaidika, kwa sababu mtakuwa mmerudishiwa saa kadhaa za kila siku.

Ikiwa kuhama hakuwezekani, tafuta majirani wanaofanya kazi Mtumba mpokezane magari kwa zamu na kuchangia mafuta. Angalia tu jambo hilo lisigeuke biashara: ukianza kuokota abiria barabarani kwa nauli, unahitaji leseni ya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa nchi kavu. Tena wakazi wa mtaa wenu wanaweza kuiandikia mamlaka hiyo kuomba daladala za kuingia ndani. Barabara yenyewe ya kilomita tano, kama ni ya mtaa, ipo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, si TANROADS wanaohudumia barabara kuu ya Singida. Wengi hupeleka malalamiko mlango usio wake. Pitieni serikali ya mtaa na diwani, mkidai kwanza makalavati kwenye makorongo, kwa maana barabara iliyochongwa bila kalavati haivuki mvua za Januari. Nendeni pia kwa afisa mipango miji mkauone mchoro wa eneo lenu. Kama kuna viwanja vilivyotengwa kwa shule, soko na zahanati, vilindeni visiuzwe, maana duka na shule jirani ndivyo vitakavyopunguza safari za gari kuliko lami.

Inatuuma kidogo kuandika haya. Mpango wa kwanza wa makao makuu, uliochorwa mwaka 1976 na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ulikusudia mji wa watembea kwa miguu, baiskeli na mabasi, kila makazi yakiwa na huduma zake karibu. Gari binafsi halikupewa kiti cha mbele.

Kuhusu hasira, tutakupa hesabu moja tu. Katika kilomita sita zenye makazi ambapo mwendo wa mwisho ni kilomita 50 kwa saa, ukikimbia 80 utaokoa chini ya dakika tatu. Faini ya shilingi 30,000 ni sawa na lita kumi katika hesabu yetu, na kusimamishwa na trafiki kutakula dakika zote tatu na nyingine nyingi. Misafara hatuna dawa yake. Mke wako akiweza kushika usukani jioni, mwachie. Nawe usiwajibu watoto kabla hujanywa maji na kuketi.

SWALI: Nimeuziwa kiwanja kando ya barabara kuu ya Morogoro, wilayani Chamwino. Muuzaji ameniambia kwamba nikiacha hatua ishirini kutoka ukingo wa lami niko salama kujenga fremu za maduka. Je, ni kweli?
*Msomaji, Chamwino*

JIBU: Si kweli. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo la barabara lisiloruhusiwa kujengwa, ni mita 30 kila upande, nazo hupimwa kutoka katikati ya barabara, si ukingoni mwa lami. Hatua ishirini za mtu mzima hazifikishi hata mita ishirini. Usichimbe msingi. Omba ofisi ya TANROADS ya mkoa wakuoneshe mpaka wa hifadhi, kisha urudi kwa muuzaji ukiwa na hati ya mauziano na mashahidi wa serikali ya kijiji. Sehemu itakayobaki nje ya mpaka ikiwa ndogo mno kwa fremu, dai fedha yako.