Waya ndani ya ubongo kwa mgonjwa wa Pakinsoni

SWALI: Baba yangu ana miaka 63 na huu ni mwaka wa 9 tangu apatwe na ugonjwa wa Pakinsoni. Kidonge cha levodopa humsaidia saa mbili tu, kisha mwili hukakamaa tena. Nasikia kuna waya unaotiwa ubongoni. Je, daktari, utamponya? Na ndiyo ile shoti wanayopigwa wagonjwa wa akili? (Msomaji, Wete, Pemba)

JIBU: Nianze na shoti. Tiba hiyo, iliyoanza Roma mwaka 1938, hupitisha umeme kichwani kwa sekunde chache ili kuleta kifafa cha makusudi, siku hizi mgonjwa akiwa amepewa dawa ya usingizi, na licha ya jina lake baya huwafaa sana wenye sonona kali. Unachokiulizia ni kingine. Nyaya nyembamba hufikishwa kwenye kiini kidogo kilichomo ndani kabisa ya ubongo, zikaunganishwa na betri iliyofukiwa kifuani, ambayo hutuma mapigo ya umeme yapatayo 130 kwa sekunde, usiku na mchana. Alim-Louis Benabid na wenzake wa Grenoble, Ufaransa, ndio walioifungulia njia tiba hii mwaka 1987.

Haiponyi, kwa kuwa seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, huendelea kufa. Kwa hiyo, kabla hamjauza mikarafuu, mtazameni mzee katika saa yake bora baada ya kumeza dawa: wepesi anaoupata wakati huo ndio ambao kifaa kinaweza kumrefushia siku nzima, na lile ambalo dawa hailigusi hata hapo, kama vile usahaulifu, kwa kawaida nacho hakitaligusa. Mtetemo tu ndio huweza kutulia hata pale dawa iliposhindwa.

Kwanza jaribuni jambo jepesi. Levodopa hugombea njia na protini ya chakula, hivyo kidonge kinachomezwa pamoja na samaki wa mchana huchelewa kufika ubongoni; ni bora akimeze nusu saa kabla ya kula, na daktari wake aangalie kama dozi zinaweza kugawanywa ziwe ndogo na za karibu karibu.

Upasuaji wenyewe una hatari ya damu kuvuja ubongoni na ya kidonda kuingia vijidudu. (Udhu hauna tatizo, maana kidonda kikishapona kifaa chote kiko chini ya ngozi.) Betri ya kawaida hubadilishwa baada ya miaka 3 hadi 5, na mapigo hurekebishwa mara kwa mara katika miezi ya mwanzo. Kwa mtu wa Wete kila marekebisho ni safari ya bahari au ya ndege, na ndiyo maana ningetangulia kuuliza nani atakayeyafanya, na wapi, kabla ya kuuliza nani atapasua.