Pasi ya nguo na taa za dagaa: ninavyolehemu vipuri vidogo nyumbani

Wiki ya mbalamwezi ndiyo wiki yangu ya kazi. Mwezi ukiwa mpevu, dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inapumzika, na wavuvi wa huku Kirumba, Mwanza, wanakumbuka taa zilizokufa tangu giza lililopita. Zinakuja nyumbani kwangu ndani ya ndoo, zinanuka dagaa.

Ya kwanza niliiua mwenyewe. LED moja, yaani kijitaa kimoja kati ya vile vya kwenye bodi, ilikuwa na kidoa cheusi katikati. Nikaigusa na pasi ya kulehemu ya wati 30, lehemu haikuyeyuka. Nikakandamiza, nikachokonoa kwa ncha ya kisu, ikang'oka pamoja na pedi zake, vile vibamba vya shaba inapolehemewa. Mwenye taa akaigeuzageuza mkononi: "Fundi, nilikuletea mgonjwa, unanipa maiti?" Nilimlipa.

Nilidhani shida ni mkono wangu kutetemeka. Kumbe ni joto. Bodi ya LED zenye nguvu huwa na bamba la alumini kwa chini, limewekwa makusudi lifyonze joto na kulitoa nje. Ukiigusa pedi moja, joto lote linasambaa kwenye bamba. Kununua pasi ya kulehemu kali zaidi hakusaidii sana. Bodi nzima inabidi ipashwe kwanza.

Hapo ndipo inapoingia pasi ya nguo. Tafuta iliyochakaa, ambayo haitagusa shati tena (hili nililijifunza kwa kelele za mke wangu). Igeuze chali, ikaze vizuri katikati ya matofali mawili, iweke kwenye alama ya pamba, laza bodi juu yake. Lehemu ya bati 63 na risasi 37 huyeyuka nyuzi 183, na pasi nyingi hufika hapo. Bodi nyingi za siku hizi zina lehemu isiyo na risasi, inayotaka nyuzi 217 hivi. Usihangaike: bodi ikishapata moto, ongezea kidogo lehemu ya risasi kwa pasi ya kulehemu. Zikichanganyika, zinayeyuka mapema zaidi.

Sasa tulia uangalie. Lehemu iliyofifia inang'aa ghafla kama kioo. Inyanyue LED mbovu kwa kibano bila kuvuta. Ikigoma, bado haijaiva. Paka flaksi (dawa inayoisaidia lehemu kushika), weka LED nyingine huku ukifuata alama ya hasi, kisha iache. Hata ukiiweka upande kidogo, lehemu yenyewe huivuta ikakaa sawa. Kila nikiiona inajizungusha hivyo natabasamu. Ondoa bodi kwa koleo, usiitikise mpaka lehemu ipoe.

Bodi ndogo ya kuendeshea taa haihitaji hayo yote. Resista, kipuri cha kubana mkondo wa umeme, ya saizi 0805 ina milimita 2 kwa 1.25, inatoweka kwenye zulia ukipiga chafya. Weka lehemu kidogo kwenye pedi moja tu, shika resista kwa kibano, yeyusha ile lehemu huku ukiisogeza mahali pake, toa pasi, ndipo ulehemu upande wa pili. Ukianza pande zote mbili, itakaa kichwa juu. Imeandikwa 472? Hiyo ni omu 4700 (kipimo cha ukinzani wake): tarakimu mbili za mwanzo, kisha sifuri mbili.

Flaksi usiibanie. Lehemu ikikataa kushika au ikiunganisha miguu miwili ya chipu, ongeza flaksi kabla ya kuongeza joto. Moshi wake unawasha macho na kifua, kwa hiyo fungua mlango, na nawa mikono kabla ya kugusa chakula kwa sababu ya risasi. Mimi nafanya kazi asubuhi. Mchana upepo wa ziwani unaingia na kupeperusha vipuri. Usiku vile vijidudu vya ziwani vinavyoruka kama wingu la moshi vinafuata taa ya meza na kunasa kwenye flaksi.

Nikimaliza nasafisha kwa spiriti, nakausha, naziba ukingo wa kioo kwa silikoni na kuiacha siku nzima ishike. Kisha taa inalala ndani ya ndoo ya maji. Asubuhi nikiona ukungu ndani ya kioo, nafungua tena.