Kamera ya Serikali Nilirudisha, Sasa Napiga kwa Raha Zangu

Siku niliyostaafu jeshi la wanamaji pale Mtongwe, Mombasa, nilirudisha stoo Nikon FM2 moja, lenzi tatu na flashi, nikatia sahihi kitabuni, nikavuka kurudi kisiwani mikono mitupu. Sikuhuzunika. Nilikuwa nimepiga gwaride, meli ikiingia, meli ikitoka, maofisa wakipeana mikono, na gari la kazi lililogonga nguzo: ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, namba ya gari, alama za breki barabarani. Zote kwa amri. Nikaona mambo ya kamera yamekwisha, nikaanza kufuga kuku.

Kuku waliisha kwa kideri. Binti yangu aliponiona nashinda barazani nikihesabu magari, akaniletea kamera ya kidijitali, iliyotumika, na lenzi moja ya milimita 50. Huu mwaka wa nne siachi kuibeba. Sasa wazee wenzangu, wengine wa bandari, wengine wa reli, wananiuliza, "Afande, nami nikitaka nianzie wapi?" Nawajibu hapa mara moja.

La kununua nitalimaliza upesi. Usimalizie kiinua mgongo dukani. Kamera ya miaka kumi iliyopita yenye megapikseli 16 inatosha picha ya kutundika ukutani. Kama una fedha ya ziada, iende kwenye lenzi, kwa sababu mwili wa kamera unazeeka kama simu, lenzi nzuri inarithiwa. Kabla ya kulipa, mulika lenzi kwa tochi utazame ndani. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, mrudishie mwenyewe.

Mimi vitufe havikunishinda. Kilichonishinda ni mkono wangu mwenyewe, ulivyozoea.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda Mji wa Kale. Kwenye kichochoro kimoja nyuma ya Ndia Kuu palikuwa na mzee wa makamo yangu, kanzu nyeupe imenyooshwa pasi, amekaa kwenye baraza ya mawe mbele ya mlango wa nakshi uliopigwa mafuta hadi ukawa mweusi. Nikamwamkia, tukajuliana hali, nikaomba ruhusa, akakubali. Kamera ikapima nuru. Mimi, kwa mazoea ya filamu, nikaongeza nuru kidogo. Tulifunzwa hivyo: filamu ya nyeusi na nyeupe, ile Tri-X ya 400 tuliyokuwa tukiisafisha wenyewe chumba cha giza, inastahimili nuru ikizidi lakini haisamehe ikipungua. Ukisita, ongeza.

Nyumbani nikafungua picha kwenye kompyuta. Mlango, maashallah, kila ua la nakshi linaonekana. Uso uko sawa. Kanzu haipo. Palipokuwa na kanzu pana weupe mtupu kama karatasi, hakuna kunjo, hakuna mshono, tarizi ya shingoni imepotea. Mjukuu wangu akachungulia akasema, "Babu, huyu amevaa taa?"

Ndipo nilipoelewa kwamba kwenye kidijitali kanuni imegeuka kichwa chini. Kivuli kikiwa cheusi unaweza kukiinua baadaye kwenye kompyuta ukakuta kitu ndani. Weupe ukishaungua haurudi, hata umlilie nani. Na kamera haijui kanzu wala mlango. Inachanganya mwanga wote inaouona na kuutaka uwe wa kijivu cha wastani. Mlango mweusi ukijaza fremu, inadhani kuna giza, inaongeza nuru, kanzu inaungua. Mimi nami nikaongeza juu yake.

Mji wetu umejaa mtego huu. Mama wa buibui jeusi akisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kamera inafanya kinyume: inaona weupe mwingi, inapunguza, na buibui linakuwa shimo jeusi lenye uso wa kijivu. Kwa hiyo jifunzeni kitufe kimoja kabla ya vingine vyote, chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kanzu mbele ya giza, toa, anzia nusu hadi moja nzima kwenye kipimo chake. Buibui mbele ya chokaa, jumlisha kwa uangalifu. Halafu usitazame picha nyuma ya kamera kuamua kama imetoka, maana kwa jua la hapa saa sita utaona kivuli cha kichwa chako tu. Tazama ule mchoro wa vilima, histogramu, ambao kamera karibu zote zinao. Kushoto ni giza, kulia ni mwanga. Kilima kikiwa kimebanana na ukuta wa kulia, kuna kanzu inaungua mahali.

Pia pigeni faili za RAW, yaani picha mbichi kama kamera ilivyoipokea, badala ya JPEG peke yake. JPEG ni picha ambayo kamera imekwisha kuikata na kuipika. Kila rangi ina ngazi 256 basi. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384, ndiyo maana kivuli kinainuka bila kuchanika. Kwangu RAW ni negativu, na programu ya kompyuta ni chumba cha giza kisicho na harufu ya dawa. (Harufu ile naikumbuka, lakini vidole vya manjano sivitaki tena.)

Sasa la idadi. Jeshini roli ilikuwa na picha 36 na kila roli iliandikwa. Ukirudi na 36 za meli moja, ulieleza. Nilipopata kamera isiyoisha filamu nilifanya kama mtoto aliyefunguliwa pipa la halua: Jumapili moja bustani ya Mama Ngina nilipiga 611. Jioni nikakaa kuchagua, nikachoka kabla ya mia ya kwanza, na nzuri zilikuwa nne. Tangu hapo najiwekea 36 kila nikitoka. Nikifika 36 natia kifuniko, nanunua madafu. Kijana wa kisasa atacheka, na acheke. Nikijua zimebaki tano nasimama, nasubiri mpita njia atoke, nahama hatua mbili. Kwa vijana wanaoruka baharini tu ndipo navunja sheria yangu, kwa sababu mwili ulio hewani hausubiri hesabu.

Wazee wenzangu mna kitu ambacho hao vijana hawana. Mnajua nani anapita wapi saa ngapi. Mnajua mashua za wavuvi zinarudi lini, muuza kahawa anaanza kugonganisha vikombe upande upi. Elimu hiyo ni kubwa kuliko lenzi. Kuhusu nuru, tuko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, jua linapanda karibu wima. Likishachomoza upande wa Nyali una kama saa moja ya mwanga laini, baada ya hapo vivuli vinazama machoni mwa watu. Mzee anayeamka alfajiri kwa swala ana faida. Asilale tena.

Hewa ya chumvi ni adui. Kila nikirudi kutoka pwani nafuta kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Naihifadhi kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Mchele msitie, una vumbi. Na ukitoka ofisi yenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mkoba nusu saa, la sivyo lenzi itatoka jasho.

Kadi ya memori nayo ilinifundisha adabu. Nilipiga harusi ya jirani, siku mbili baadaye nikaifuta kadi nikidhani nimeshahamisha. Kumbe nilihamisha nusu. Nilipogundua nilikuwa nimeshapiga nyingine juu yake. Ningeacha kuigusa, kuna programu zinazoweza kurudisha vilivyofutwa, kwa kuwa kufuta huondoa orodha tu, picha zenyewe hubaki mpaka ziandikwe juu. Mama wa bibi harusi alinisamehe kwa mdomo. Sasa nina nakala tatu: kompyuta, diski ya nje, na nyingine nyumbani kwa binti yangu Kisauni.

Jambo moja nasema kama askari wa zamani. Kambi na vyombo vya ulinzi msivielekezee lenzi, na feri ya Likoni acheni. Mimi niliyepiga Mtongwe miaka yote hiyo kwa kulipwa, leo nikiinua kamera kule nitakamatwa, na atakayenikamata atakuwa na haki. Na watu waombeni kwanza. Mji wa Kale wamechoka kupigwa picha na wapita njia kama vile wao ni milango.

Yule mzee wa kanzu nilimrudia wiki mbili baadaye. Nikapunguza nuru moja nzima, nikapiga tatu tu. Nikaichapisha ukubwa wa daftari, kwa sababu picha inayobaki ndani ya kompyuta mimi huihesabu haijasafishwa, nikampelekea. Aliivuta karibu na macho, akafuata tarizi ya shingoni kwa ukucha, kisha akatazama uso.

"Kanzu umeipiga vizuri," akasema. "Mimi umenizeesha."

Nikamwambia kamera haijui kusema uongo. Akasema basi niifunze. Tumeagana tukutane Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na amesema atavaa kofia mpya.