Mama anasimulia visirani vyangu vya utotoni, mke wangu anacheka

"Shikamoo Bibi. Mimi ni baba wa miaka 35, mhasibu, naishi Tabata na mke wangu na mtoto wetu wa kiume wa miaka miwili na nusu. Mama yangu amekuja kutoka Muheza kutusaidia kulea. Tatizo ni mdomo wake. Mtoto akianza kisirani tu, mama anakumbuka vya kwangu. Eti nikiwa na umri huo alinikatia andazi vipande viwili, nikajibwaga sakafuni nikitaka aliunganishe tena, nikalia mpaka nikachoka, halafu nikala vipande vyote. Eti kwenye pantoni ya Kigamboni nililala chini katikati ya watu nikitaka nishushwe, na bahari iko pande zote. Mke wangu anacheka mpaka machozi. Sasa nikikasirika hata kwa jambo la maana, ananiambia, 'Jamani, muunganishieni andazi lake.' Siku ya Idi alisema hivyo mbele ya shemeji zangu. Siku hiyo nilikuwa nimemchapa mtoto kidogo na kandambili kwa kujigaragaza mbele ya wageni, akalia mpaka pumzi zikakata na midomo ikawa bluu, mama akaninyang'anya. Niliingia chumbani nikafunga mlango, na chakula sikukigusa mpaka kesho yake jioni. Heshima yangu kama baba imekwisha. Je, nimrudishe mama Muheza? – Mdhalilishwa, Tabata."

Marahaba mwanangu, na pole. Kuchekwa na shemeji kunauma, maana shemeji wakishakupa jina hawalisahau. Pole imeishia hapo.

Barua yako nimeirudia, nikaona andazi limepewa nafasi yake, pantoni imepewa yake, shemeji nao wamo. Kandambili imepewa neno "kidogo". Mtoto kukata pumzi na kubadilika rangi kumepita kwa haraka, katikati ya wageni na chakula ulichosusa. Umeandika barua kunieleza umechekwa, na humo ndani kuna mtoto aliyegeuka bluu.

Sasa nikuulize: mama yako anasimulia lini? Wewe mwenyewe umeshajibu. Hasimulii wakati wa chai, wala akiwa na mashoga zake. Anasimulia mtoto akianza kisirani, yaani wewe ukiwa umeshainuka kitini na macho yanatafuta kiatu. Angefanyaje? Angekukemea mbele ya mkeo ungesema amekuvunjia heshima ndani ya nyumba yako. Angenyamaza, mjukuu angepigwa. Akachagua kuchekesha, kwa sababu watu wakishaanza kucheka, mkono wa kuchapa hukosa nguvu. Siku ya Idi hakuwahi, ndiyo maana ikabidi akunyang'anye. Huyo si mwanamke wa mdomo. Ni mtu mzima mwenye akili kukuzidi, na mimi niko upande wake.

Tena hadithi yenyewe hukuisikiliza, ulisikia aibu tu. Inaishaje? Ulilia mpaka ukachoka, kisha ukala vipande vyote viwili. Hakukuletea andazi jipya, na hakukupiga. Alikaa pale akakuachia ulie, na lile lililokatwa likabaki limekatwa. Malezi yote ya mtoto wa miaka miwili yamo humo, na amekupa bure, wewe unataka kumkatia tiketi ya basi.

Mtoto wa umri huo hakupimi nguvu. Visirani huanza mwaka wa pili, huchacha kati ya miaka 2 na 3, na hupungua kuelekea wa 4, kadiri maneno yanavyoongezeka. Anataka mengi kuliko anavyoweza kuyasema. Na ile sehemu ya mbele ya ubongo inayomsaidia mtu kujizuia bado ni changa mno kwake. Huendelea kukomaa mpaka mtu apite miaka 20. Wewe una 35, kwa hiyo ule mlango uliojifungia na kile chakula ulichosusa havina kisingizio. Nyumba ile siku ya Idi ilikuwa na visirani viwili, na cha mdogo ndicho kilichoisha mapema.

Na kwa kuwa u mhasibu, mtu wa vifungu na maandishi, soma Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13. Inasema adhabu ya kumrekebisha mtoto haikubaliki ikiwa mtoto kwa udogo wake hawezi kuelewa kwa nini anaadhibiwa. Wako bado anabishana na andazi. Ataelewa nini?

Kukata pumzi kupo kwa watoto wadogo. Hutokea wakikasirika, wakiumia au wakishtuka, na mara nyingi pumzi hurudi zenyewe kabla ya dakika moja. Ikitokea tena mlaze ubavu, usimtikise, usimmwagie maji, usimtie kitu mdomoni. Lakini wiki hii hii mpeleke kwa daktari amwone, na apimwe damu, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma huenda pamoja na hali hiyo. Muulize na mama kama kuna mwingine aliyekuwa hivyo, maana huweza kufuata ukoo. Hayo ndiyo yalistahili kuwa mwanzo wa barua yako.

Siku za kawaida, angalia saa. Wageni wa Idi waliingia saa ngapi, na mtoto alikuwa amelala mchana? Alikuwa amekula, au alikuwa ameshiba soda na vibiskuti huku akipakatwa na kila mtu? Akijibwaga, ondoa kinachoweza kumuumiza, kaa karibu, sema maneno machache, usibadilishe ulichokataa. Ukimpa simu aangalie katuni ili anyamaze, kesho atajibwaga kwa ajili ya simu.

Mkeo umemleta bila kumpa hata sentensi moja ya kujitetea. Unasema anakutania "hata kwa jambo la maana", ila jambo lenyewe hukulitaja, na mimi nimezeeka katika kazi hii: mtu mwenye jambo la maana hulitaja kwanza. Nakisia ni rimoti, au wali umeungua. Hata hivyo nitampa neno lake. Utani wa chumbani usifike sebuleni wakiwepo kaka zake. Mwambie hivyo usiku, kwa sauti ya kawaida, ukiwa umeshakula.

Halafu niwaseme nyote mnaooana siku hizi. Sanduku langu la barua limejaa wakwe na wakamwana wasiosalimiana, wanaopimiana unga, wanaotumiana ujumbe kupitia mtoto. Wewe una mama na mke wanaocheka jikoni moja mpaka machozi, halafu unaniandikia kuwa umedhulumiwa! Ndoa za sasa zimejaa picha. Mtu anavaa sare na mkewe, anamwandikia "malkia wangu" kwenye simu watu wote waone, nyumbani akitaniwa neno moja ananuna siku mbili. Wazee wetu walikuwa na utani kwa mpangilio. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu" na kumsema mbele ya watu, na mjukuu anajifunza mapema kuwa kusemwa si kufa. Nyinyi mmebaki na heshima, heshima, na ukiigusa tu inavunjika. Heshima ya baba inayoondoka kwa andazi haikuwa nyingi.

Kuhusu swali lako, hapana, mama haendi Muheza. Nauli uliyotenga nunua unga, nazi na iliki, mpelekee jikoni, na umwombe radhi kwa siku ya Idi bila kutaja shemeji. Kisha mwambie akusimulie ile ya pantoni tangu mwanzo, mtoto akiwa amepakatwa na wewe. Na kandambili zivae miguuni.