Logi za seva (kumbukumbu za yanayotokea humo): mliyouliza wiki hii

Nimeweka Debian 12 (toleo la Linux), kwenye Webmin (ukurasa wa kuendesha seva kwa kivinjari) natafuta faili la /var/log/syslog silioni kabisa. Nimeharibu wapi?

Hujaharibu kitu. Debian 12, ile ya 2023, haiji tena na rsyslog, programu iliyokuwa ikiandika faili hilo, kila kitu kinaenda journald, mtunza logi wa ndani ya mfumo, sasa wewe unatafuta faili ambalo hakuna anayeliandika. Andika `journalctl -p err -b` uone makosa tangu seva iwake. Ukilitaka faili la zamani weka rsyslog, litarudi lenyewe.

Diski ilijaa, nikafuta logi ya giga 20, lakini df (amri ya kuonyesha nafasi ya diski) bado inasema imejaa. Inakuwaje?

Hii imetuuma wengi, na mimi nimo. Ukifuta faili wakati programu bado imelishika, linaloondoka ni jina tu, nafasi hairudi mpaka programu iliachie. Kwa hiyo siku nyingine usifute, limwage kwa `truncate -s 0` na jina la faili, ila kwa sasa ushafuta basi ianzishe upya hiyo huduma na nafasi utaiona. Halafu angalia /etc/logrotate.d, folda ya mipangilio ya logrotate, programu inayozuia logi zisivimbe, maana faili linalovimba hivyo mara nyingi ni la programu uliyoiweka kwa mkono, haina kifaili chake humo, logrotate haijui hata kama ipo. Journald yenyewe haina tabia hiyo, usipoigusa inajibana kwenye 10% ya diski na haivuki giga 4.

Nichague kiwango gani cha uzito wa ujumbe wa logi, kati ya vile vya debug mpaka emerg?

Viko 8, kuanzia 0 hadi 7, namba ndogo ndio balaa kubwa. Ukichagua warning unapata warning pamoja na vyote vizito kuliko hiyo, sio hiyo peke yake, hapo ndio watu wanachanganya. Mimi naacha info. Debug nawasha nikiwinda kosa tu, na nikimaliza nazima, wengi wanasahau kuzima alafu wanarudi kuuliza swali la diski hapo juu 😂

Logi zote zinapotea nikizima seva.

Zinakaa kwenye /run, yaani RAM. Weka `Storage=persistent` ndani ya /etc/systemd/journald.conf kisha anzisha upya systemd-journald.

Kuna haja ya kutuma logi seva nyingine?

Kama seva iko wazi intaneti, ndiyo. Mvamizi akishapata root (mamlaka yote ya seva) anaweza kuifuta auth.log, logi ya wanaoingia, yote, lakini nakala iliyokwisha ondoka haifikii. Kwenye rsyslog ni mstari mmoja, `*.* @@anwani:514`, anwani ikiwa ya seva ya pili, ambapo @ mbili ni TCP na moja ni UDP, njia mbili za kutuma data mtandaoni. Weka mbili, UDP ujumbe ukipotea njiani hutajua.